Libaya ya Zipu Mgongoni

Nilijifungua nikiwa na miaka arobaini na minne, na kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka ilikuwa na la kusema. Wengine walimwita binti yangu mjukuu, mbele ya macho yangu. Sikujali. Kilichoninyima raha ni cherehani yangu katika duka la ushonaji kule Chilinde, mjini Lilongwe, ambayo kwa miezi mitano ilikuwa na fundi mwingine.

Mwenye duka alituma ujumbe: nije siku moja anijaribu. Nikimaliza sketi tatu kabla ya jioni, nafasi ni yangu. Nikishindwa, nisirudi tena. Na mtoto asiingie dukani.

Wamama wa kanisa wakagawana kazi zangu bila hata kuniuliza. Mmoja alichukua maji, jirani yangu Mrundi akachukua kuwapikia watoto wangu wakubwa. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alisema atakwenda na mimi, akae nje na mtoto karibu na wauza nyanya. Alikuwa na miaka sitini na goti bovu, lakini nani angembishia?

Siku hiyo nikajipamba. Nilivaa libaya yangu ya kwetu Uvira, blauzi ya kitenge inayobana kiunoni na kufungwa kwa zipu mgongoni, wajue kwamba mimi si bibi. Njiani, hadi tunapita mji wa Lumbadzi, nilikuwa bado najiona.

Saa nne, nikiwa kwenye cherehani, mtoto akalia huko nje. Nilitoka mbio, nikampakata, na hapo ndipo nilipokumbuka zipu. Mimi, fundi mzima. Mbele hapakuwa na hata kifungo kimoja.

“Mutoto iko na njala, na we umejifunga sawa zawadi,” wifi aliniambia.

Wauza nyanya walicheka, kisha wakasimama wakanizungushia vitenge vyao, wifi akanifungua mgongoni. Nilinyonyesha kwa aibu kubwa. Mwenye duka alikuwa mlangoni, anaangalia saa yake.

Niliporudi ndani sikushika sketi. Nilijifunga kitenge kifuani, nikavua libaya, nikaipasua mbele pande mbili kwa mkasi, nikatia vifungo vya kubana na kitambaa cha kuficha. Mwenye duka aliniuliza kama nimerukwa na akili. Nilimjibu kwamba sketi zake atazipata. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira hushona vizuri.

Saa nane mtoto alilia tena. Safari hii nilifungua vifungo kwa mkono mmoja, nikanyonyesha huku napiga soga. Wauza nyanya wawili wenye watoto mgongoni waliingia dukani kabla sijamaliza.

Jioni sketi tatu zilikuwa zimekunjwa mezani, pamoja na vipimo vya wanawake watano walioagiza libaya kama yangu. Mwenye duka akaniuliza kesho mtoto atalia saa ngapi, maana kuna wateja wengine wanataka kuona hiyo blauzi inavyofunguliwa.

“Atalia akisikia njaa,” nilisema. “Ila wifi yangu apewe kiti, ndani.”

Akainuka kwenye kiti chake mwenyewe, akakipangusa kwa kiganja, akatoka kumwita.