Rimu Zilezile

Mtaani walimwita Mzee Polepole, na wageni walidhani ni kwa sababu ya upole. Upole autoe wapi? Alikuwa dereva wa kusambaza mikate maisha yake yote, mwenye ulimi wa kukata, na alikwenda polepole kwa sababu vani yake ilikuwa haisimami. Breki zake zilikuwa za kizamani, zile za ngoma, zinazotaka mtu akanyage kwa nguvu zake zote. Ujanani hilo halikumsumbua. Sasa goti lilikuwa limegoma.

Siku vani ilipougonga ukuta wa hospitali, na mkewe ameketi mbele, ndipo alipokata shauri: zifungwe breki za diski, zinazoshika kwa kuguswa tu.

Kwa nini asiiuze tu akakodi teksi? Watoto wake walimuuliza hivyo hivyo, na kila alipokataa walimwona mkaidi. Jibu lilikuwa mama yao. Alianza kusahau sufuria motoni, wakafuata majirani, wakafuata wanawe, na mwisho akamsahau hata mume, ambaye siku hizi alimwita "baba" kwa adabu zote, kama mtu amwitavyo mgeni. Kitu kimoja tu hakikumtoka, nacho ni vani. Enzi za mikate yeye ndiye aliyezipaka rimu zake rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka mlango wa jikoni, kwa brashi, wala hakujali kufuta michirizi. Kila mwaka aliongeza mkono mwingine wa rangi. Kila siku ya hospitali, akitolewa nje ya nyumba, aliinama, akapapasa ile michirizi, akasema, "La kwetu hili," kisha akapanda bila kusukumwa. Teksi waliijaribu mara moja. Alilia njia nzima akiomba arudishwe kwao.

"Diski tutafunga, hilo halina neno," fundi wa gereji alisema, amechutama kando ya gurudumu. "Ila rimu zako ndogo, mzee wangu. Kalipa, hiki kidude kinachobana diski, kitagusa kwa ndani. Tutafute rimu kubwa za kisasa."

"Rimu zilezile."

"Kwani zina dhahabu?"

"Nimesema zilezile."

Fundi alicheka. "Haya. Wazee na vyuma vyenu."

Hapo ndipo Mzee Polepole angesema. Mambo ya mkewe yalikuwa ya chumbani kwake, na hakuwa mtu wa kuyaanika gereji mbele ya watu walioshika spana. Ukali wote ule, na neno moja la maana likamshinda.

Fundi naye alihangaika kweli. Alifunga diski, akarudisha gurudumu, likakwama. Alitaka kuweka bamba katikati ili gurudumu lisogee nje, akaona bolti zitashika kwa ncha tu, akaliacha. Alipunguza kona ya kalipa kwa tupa mpaka akaogopa kuendelea, na bado pakawa na mkwaruzo. Alipochungulia ndani ya rimu ndipo alipogundua: mikono ile yote ya rangi ilikuwa imejenga gamba nene. Akalikwangua. Gurudumu likazunguka bila kugusa kitu.

Mzee alipoitwa kuchukua gari alisimama mlangoni mwa gereji. Rimu ziling'aa. Zilikuwa za kijani, nyororo, hazina hata mchirizi mmoja.

"Hiyo zawadi yangu," fundi alisema, anajifuta mikono. "Nilipokwangua ndani, rangi ya nje nayo ikaanza kubanduka, nikaona aibu kukupa hivyo. Nikatoa yote, nikapuliza upya. Lakini rimu zilezile, mzee, kama ulivyotaka."

Angemlaumu kwa lipi? "Umefanya vizuri," alisema, akapokea funguo.

Njiani aligusa pedali kwa ncha ya kiatu tu, vani ikatulia papo hapo. Angefurahi. Badala yake alizichukia breki zile kila alipozigusa, na akajichukia yeye zaidi. Alijipa moyo kwamba rangi ni ileile, labda mkewe hatatambua.

Mkewe alitoka ndani ya nyumba amevaa nguo za kwendea hospitali. Akainama kama kawaida yake, akaweka kidole kwenye rimu ya mbele. Kidole kikateleza. Akakirudisha, akatafuta upande wa chini, akatafuta tena, halafu akainuka.

"Si la kwetu hili."

"Ni lenyewe, mama. Limepakwa rangi tu. Ona kiti chako kile."

"Asante, baba. Nenda tu." Alisema bila hasira, akarudi kuketi kwenye benchi kando ya mlango wa jikoni, akapakata mkoba wake. "Mume wangu anakuja na la kwetu."

Mzee alimshika mkono, mkewe akautoa taratibu. Alimwita kwa jina lao la faragha, lile la wao wawili, naye akamtazama kwa huruma, kama anayemsikitikia mtu aliyepotea njia. Saa ya daktari ilikuwa inapita. Vani ilisimama mbele yao, nzima kuliko ilivyowahi kuwa.

"Usijali, atafika," mkewe akamtuliza. "Breki zake mbovu, ndiyo maana huja polepole."

Mzee Polepole akaketi kando yake, wakamngoja pamoja.