Kidawa na Sharti la Tatu

Kidawa binti Mabrouk wa Mlandege alikijua Kifaransa kama watu wanavyoijua Makka kabla ya kwenda hija: alikuwa amesoma kila kitu juu yake, na mguu hajautia. Akipewa karatasi na kalamu, aliandika mpaka Maalim Hasan, mwalimu wake, akawa anaizungusha karatasi ile chumba cha walimu kuwaonyesha wenzake ambao hawakuielewa hata kidogo. Lakini akiambiwa afungue mdomo, uso ulimshuka, akaitazama meza, na kilichotoka hakikuwa Kifaransa wala lugha nyingine yoyote ya binadamu. Darasani walimwita Bubu. Hakukasirika, maana aliona jina ni la haki.

Baba yake alikuwa fundi baiskeli upande wa Darajani, na waliokuja kuzibiwa pancha walisema kwamba maneno yote ya nyumba ile ameyachukua mzee, binti hakubakishiwa. Mzee Mabrouk aliweza kumsimulia mtu maisha yake yote kabla gundi haijakauka.

Ulikuwa mwanzo wa mwaka wa 1971, wakati vumbi la majumba marefu yaliyokuwa yakijengwa Michenzani linaingia mpaka kwenye vyungu vya watu. Maalim Hasan alirudi kutoka Dar es Salaam, hakwenda hata kwake, akaja moja kwa moja kwa fundi baiskeli. Kidawa alikuwepo, amemletea baba yake chai.

"Chuo kikuu wanaweza kumchukua akasomee Kifaransa," alisema Maalim. "Lakini kuna masharti."

"Masharti?" Mzee Mabrouk aliweka spana chini. "Ya kuku mweusi au mweupe?"

"Si ya mganga, mzee wangu, ni ya chuo."

Sharti la kwanza lilikuwa kufaulu vizuri Kifaransa katika mtihani wa sekondari, na hilo Kidawa alikwisha kulitimiza. La pili, kufaulu na somo jingine. Yeye alikuwa na Historia. Alipofika la tatu, Maalim alikohoa kwanza. Mwanafunzi atakaa mbele ya jopo la walimu, bila ya kitabu wala karatasi, azungumze nao kwa Kifaransa. Wakiridhika, ameingia. Wasiporidhika, watampeleka kwenye somo lolote lenye nafasi, akasome atakachokikuta.

"Kuzungumza tu?" Mzee Mabrouk alicheka mpaka akashika mnyororo wa baiskeli ya watu. "Mimi mbona nazungumza tangu alfajiri na shahada sijapewa!" Kisha akamtazama binti yake, na kicheko kikakatika.

Kidawa alikuwa akiitaka lugha ile kwa roho yake yote. Si kwa ajili ya Paris, ambayo hakuwa na haja nayo. Alipenda kwamba ndani ya kitabu cha Kifaransa hakuna aliyemwita Bubu. Humo alikuwa msemaji, akijibizana na watu kichwani mwake, na mara nyingi akiwashinda. Kupelekwa kwenye somo lenye nafasi kulikuwa kwake sawa na kuozeshwa mume aliyebaki.

Baba yake alisaidia alivyojua. Alianza kununua mkate wa boflo kila asubuhi, kwa kuwa alisikia Wafaransa hawali kingine, na muhogo ukapigwa marufuku nyumbani. Jaku, muuza vitambaa wa duka la pili, alishauri uji wenye pilipili manga nyingi, ulimi utalegea wenyewe. Kidawa aliunywa. Kilicholegea hakikuwa ulimi.

"Mimi siwezi kukufaa," Maalim Hasan alikiri. "Kifaransa changu nimekisoma ubaoni kama wewe. Unamtaka mtu aliyekila Kifaransa. Nenda Mkunazini kwa Bi Mwanakheir."

Bi Mwanakheir alikuwa Mngazija aliyeishi ujanani Majunga, mji wa ng'ambo uliotawaliwa na Wafaransa, mumewe akiwa karani kwa wafanyabiashara wa Kifaransa. Waliporudi Unguja mume akafariki. Baada ya Mapinduzi wanawe wawili waliondoka mmoja baada ya mwenzake, kama walivyoondoka wengi miaka ile. Yeye alikataa kwenda. Alibaki na nyumba, paka, na goti lililouma kila alipopenda liume.

Kidawa alipiga hodi, akaingia, akatoa shikamoo, akapewa marahaba. Mkononi alikuwa na karatasi ya mambo aliyoandikiwa na Maalim kwamba jopo linapenda kuyauliza: wafalme, vita, watunzi wa mashairi.

"Bi, nimekuja unifundishe kuzungumza Kifaransa," alisema kwa pumzi moja, maana alikuwa ameyakariri njia nzima. "Tuanze na wafalme."

Bi Mwanakheir alimtazama. "Wafalme hawajambo," alisema. "Mimi je? Umeniuliza mimi?"

Kidawa akaikunja karatasi.

"Toka nje, mwanangu, uingie tena. Na ukivuka kizingiti hiki Kiswahili kiache huko na viatu."

Akatoka, akavua Kiswahili, akaingia. Alisema kwa Kifaransa kwamba anamtakia Bi mchana mwema, kisha akanyamaza, ameona kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Bi Mwanakheir alimuuliza ameamkaje. Akamuuliza mama, akamuuliza baba, akauliza jirani wa kulia na wa kushoto, yote kwa Kifaransa cha Majunga kilichonukia vanila na jiko. Kidawa alijibu kila swali kwa neno moja: hajambo, hajambo, hajambo.

"Hajambo vipi?" alisema bibi. "Mtu mzima haishi kwa neno moja. Baba yako ana kazi? Mgongo haumuumi kwa kuinamia baiskeli za watu? Nieleze."

Basi Kidawa alieleza mgongo wa baba yake, akitafuta neno huku akitoka jasho. Ulipomalizika mgongo, likaja jino la mama, kisha mtoto wa jirani aliyeanza kutembea. Kahawa ikaletwa. Na kabla wafalme hawajapata hata pa kukaa, ikaadhiniwa magharibi, Kidawa akavaa buibui akakimbia kwao.

Kesho yake ikawa hivyohivyo, na kesho kutwa. Jibu la jana halikukubaliwa leo. Kama jana jino liliuma, leo ilibidi lijulikane limetoka au limetulia. Kidawa alianza kuwasumbua watu wa nyumbani kuwauliza wamelalaje, ili awe na la kusema. Mama yake alidhani mtoto amepata adabu ghafla, akamshukuru Mungu.

"Baba, siku zinakwenda," alilalamika, "na sisi tungali kwenye salamu."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na jopo je?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema Mzee Mabrouk, ambaye methali zake zilikuwa nyingi kuliko spana.

Kidawa akajaribu hila. Siku nyingine aliingia amekishika kitabu cha mashairi mbele kabisa, kisionekane kitu kingine. Siku hizo ndizo goti la Bi Mwanakheir lilipouma zaidi, na muungwana gani atasoma mashairi mbele ya goti la mgonjwa? Akalazimika kuliuliza goti, tangu lini, upande gani, na mafuta ya karafuu yamesaidia au la. Akaanza kulishuku goti lile.

Mara moja alishikwa na homa akakosa kwenda siku kadhaa. Aliporudi alimkuta bibi amekaa karibu na mlango, na sinia lina vikombe viwili, kahawa imepoa. Bi Mwanakheir alisema paka ndiye aliyemtaka aje kukaa mlangoni. Kidawa aliamini, maana alikuwa bado mtoto.

Masika yalipokwisha, kibali cha kusafiri kikapatikana, akapanda meli kwenda Dar es Salaam na baba yake, ambaye alichukua boflo kwenye mfuko ikiwa lugha itahitaji kutiwa nguvu. Walikaa kwenye baraza ndefu ya chuo mpaka jina likaitwa. Kidawa akaingia peke yake.

Katikati alikaa profesa wa Kifaransa mwenye miwani, Mfaransa wa makamo, na pembeni yake mwalimu mwanamke na mwalimu mwanamume. Profesa alimwonyesha kiti, na kabla hajakaa vizuri akamuuliza: kwa nini anataka kusoma lugha hii?

Kila alichokikariri kikamtoka. Kidawa akaitazama meza. Bubu akarudi, akakaa kwenye kiti chake cha zamani. Mwalimu mwanamke akaanza kumuonea huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko kicheko.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkera tangu alipoingia, na sasa alilijua ni lipi. Ametoka Unguja, amevuka bahari, ameingia kwa watu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza ameamkaje. Kidawa aliona haya kwa niaba yao. Angewezaje kumjibu mtu mzima swali kubwa namna ile kabla ya salamu?

Akainua uso, akasema kwa Kifaransa kwamba anawatakia asubuhi njema, na je, wameamkaje?

Vizuri, alisema profesa, amestaajabu kidogo. Na nyumbani kwake hawajambo? Hawajambo. Na wazee wake? Baba alikwisha kufariki. Kidawa alimpa pole, akamwombea marehemu. Na mama? Mama hajambo, alisema profesa, kwa sauti ya mtu anayetaka mazungumzo yaishie hapo.

Lakini Kidawa alikuwa mwanafunzi wa Bi Mwanakheir, na kwa Bi Mwanakheir hajambo halikuwa jibu.

"Hajambo vipi?" aliuliza.

Profesa alivua miwani. Alisema, polepole, kwamba mama yake ameanguka ngazini na kuvunjika nyonga, yuko hospitali huko kwao, na yeye yuko huku. Kidawa aliuliza nani anakaa naye. Anakula? Majirani wanakwenda kumtazama? Profesa alisema kwao majirani hawaingiliani sana. Hapo Kidawa alisahau kabisa kwamba anafanyiwa mtihani. Hawaingiliani namna gani, aliuliza, na mtu amevunjika nyonga! Akawagombeza majirani wale kwa Kifaransa kirefu, akahamia kwenye goti la Bi Mwanakheir na mafuta ya karafuu, na mwalimu mwanamke, ambaye mama yake naye alikuwa na goti, akauliza mafuta hayo hukandwa juu kwenda chini au chini kwenda juu. Kidawa aliinuka akaonyesha kwenye goti lake mwenyewe.

Mlango ukagongwa. Mwanafunzi mwingine alikuwa akingoja. Profesa akatazama saa, akavaa miwani yake, akasema, "Tumekuuliza swali moja tu, na hujalijibu."

Barazani ndipo fahamu zilipomrudia. Wafalme hakuwataja, wala vita, na mashairi yote aliyahifadhi bure. Alilia kwa machozi ya kweli. Mzee Mabrouk alimkatia boflo.

"Umezungumza?"

"Nimezungumza."

"Kwa Kifaransa?"

"Chote kwa Kifaransa. Lakini nilimuuliza khabari za mama yake tu, baba! Mpaka muda ukaisha!"

Mzee Mabrouk alifikiri sana, akitafuta kosa liko wapi, na hakuliona.

Majibu yaliletwa na Maalim Hasan, kwa mguu, mbio, mtu mzima na koti lake. Kidawa amepokewa. Profesa alisema vitabu watampa wao, kwani vimejaa. Mtu wa kuzungumza naye ndiye adimu. Mlandege nzima ilijua kabla ya adhuhuri, kwa kuwa baba yake alifunga duka akaenda kuwaambia mmoja mmoja, pamoja na wasiouliza. Jaku alidai ni ule uji.

Siku ya kuondoka Kidawa alipita Mkunazini. Aliacha viatu nje, na Kiswahili, akaingia. Sinia lilikuwa tayari. Alipotaka kuzungumzia safari, Bi Mwanakheir aliuliza kwanza, kwa Kifaransa, mama yake yule profesa anaendeleaje. Ameanza kusimama, Kidawa alijibu. Maalim ndiye aliyeleta khabari. Bibi aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Bi," Kidawa alisema, "wewe ulijua kwamba salamu ndizo zitakazoniingiza?"

Bi Mwanakheir aliizungusha kahawa kwenye kikombe. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu alipomtoa nje siku ile, akasema naye Kiswahili.

"Ningejulia wapi, mwanangu? Mimi hata chuo sikijui. Wafalme wako ningekumalizia kwa wiki moja, mume wangu alikuwa akinisomea kila siku. Lakini ukisha kuwamaliza ungekuja kwangu kufanya nini?" Akatazama mlangoni. "Hakuna mtu aliyeniuliza nimeamkaje, kwa lugha niliyozungumza na mume wangu, tangu alipokufa. Nikasema, hizi salamu sizimalizi."

Kidawa alilitazama sinia. Alikumbuka kila alasiri aliyolalamika, na kile kikombe kilichopoa. Bandarini meli ilipiga honi, na nje ya dirisha Mzee Mabrouk akaita kwamba masanduku yamekwisha kupakiwa, jamani, meli haingoji mtoto wa fundi. Kidawa akainuka, akafunga buibui lake, akafungua mdomo kulisema lile neno la kuagana, analijua tangu kitabu cha kwanza na hajawahi kulitumia katika nyumba hii.

Bi Mwanakheir aliinua mkono.

"Hatujafika huko," alisema kwa Kifaransa. "Tungali kwenye salamu. Baba hajambo?"

Honi ikapigwa tena. Kidawa alilifungua buibui, akakaa, akavuta kikombe chake.

"Hajambo," alijibu.

"Hajambo vipi?"

Naye akaanza kumweleza.