Mama na Sauti ya Pili

Nilirudi Kigoma na diploma ya maabara niliyoisotea mwenyewe. Ada nililipa kwa kuuza dagaa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka ufukweni Bangwe na magodoro vichwani, na zahanati ya kuwatibu ilihitaji watu wa aina yangu. Mtaani kwetu Rusimbi, mwenye diploma katika rika letu nilikuwa mimi tu.

Kisha akaja yeye, bwana mmoja mkimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa, muuguzi mwenye diploma kama yangu. Hilo ningelivumilia. Lakini kwao alikuwa amesomea na muziki, na jioni, akishavua koti jeupe, alifundisha kwaya ya mama yangu. Aliandika nota ubaoni, kila sauti na mstari wake.

Mama akawa anachambua maharage huku akiimba sauti ya pili, mkono ukipanda na kushuka. Nikimsimulia niliyoyaona kwenye darubini, ananikatiza: "Vizuri, baba. Ngoja kwanza nimalize mstari."

Jumamosi moja mazoezi yalifanyika uani kwetu. Nilisimama mlangoni, kalamu mbili mfukoni. Mama akanyoosha kidole ubaoni.

"Soma basi! Si una diploma?"

"Mwache, dada," akadakia jirani, "huyo kasomea makohozi!"

Kina mama wakaangua kicheko. Muuguzi hakucheka, alinisogezea kigoda. Nikakikataa. Mama akaimba mstari wake peke yake, hakukosea hata mahali pamoja, kisha akamgeukia mwalimu wake.

"Asante, mwana wanje."

Mwanangu, kwa Kiha. Mimi ndiye mtoto wake pekee, na neno hilo sikuwahi kumsikia akimpa mwingine. Najua yule bwana alimwacha mama yake kaburini ng'ambo. Niliumia vilevile.

Jumatatu, zahanatini, nilimkuta akifunga kidonda cha mtoto, anamwimbia taratibu, na mtoto katulia. Nikasubiri amalize.

"Sauti ya nne inaanzia wapi?" nikamuuliza.

"Kumbe ulikuwa unasikiliza, kaka!"

Nota nilizishika upesi kuliko mwanakwaya yeyote, na hilo hata yeye alikiri. Jumamosi iliyofuata nilifika uani mapema, nikakichukua kile kigoda, nikakiweka kati ya muuguzi na Mama.