Mama Aliponisindikiza Kupata Kijiti

Nilijifungua nikiwa kidato cha tatu. Mama yangu, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kule Kendu Bay, na mtu wa Sabato asiyekosa ibada, alilia sana, kisha akamfunga mjukuu wake mgongoni na kuniambia nirudi shule. Nikarudi. Nilipomaliza nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimepata nafasi ya kusomea umeme katika chuo cha ufundi. Sikutaka mimba nyingine kabla sijashika kazi.

Nikaenda kituo cha afya kuomba kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono kuzuia mimba. Benchi la kupanga uzazi lilikuwa barazani, mkabala na lango. Kila anayekwenda sokoni anakuona. Sista, muuguzi wa zamu, hakuniita ndani. Aliniuliza pale pale, kwa sauti ya kufukuza kuku:

"Umeolewa?"

"Hapana."

"Sasa unazuia nini? Rudi na mzazi wako."

Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Niliondoka leso ikiwa imenifunika hadi machoni.

Nyumbani nilimkuta Mama akianika omena. Nilikuwa nimeapa kunyamaza, lakini aliponitazama tu nikamwaga yote. Aliendelea kutandaza samaki wale kwenye wavu.

"Walikucheka?" akauliza hatimaye.

"Walinicheka, Mama."

Kesho yake alivaa gauni lake la Sabato, ingawa ilikuwa Jumanne. "Nyathina, twende," akasema. Mwanangu, twende.

Alikaa kwenye lile benchi wima kama bibi harusi. Mwenzake wa kanisani alipita, akasimama. "Dada, kwani wewe bado unazaa?"

"Mimi nilishafunga duka," Mama akajibu. "Nimemsindikiza binti yangu."

Sista alipotokea, Mama akainuka. "Ulisema arudi na mzazi. Mzazi ni mimi. Lakini huyu ni mtu mzima, ana kitambulisho. Haombi ruhusa yangu wala yako. Anaomba matibabu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Sista alitazama chini, kisha akasema kwa upole, "Karibuni ndani." Akanipima presha, akaniuliza maswali yanayopasa, akanidunga ganzi. Nilikuwa bado najiandaa kuogopa aliponiambia tayari, kijiti kimeingia.

Mimi ningeridhika na hapo. Mama akaenda kubisha kwa msimamizi wa kituo. "Na wasichana ambao mama zao hawatakuja, je?"

Msimamizi akakuna kichwa, akasema hana chumba cha kuwahudumia faraghani. Mama akamwonyesha stoo ya vitanda vibovu iliyokuwa nyuma. Alirudi kwake tena na tena, wakati mwingine na akina mama wenzake wa sokoni, mpaka stoo ikatolewa takataka. Mimi na wenzangu wa chuoni tulivuta nyaya na kuweka taa. Sista yule yule akaomba apangiwe kuhudumu mle.

Siku ya kwanza wasichana waliingia mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, wakiinamisha vichwa. Walitoka wakizungumza kwa sauti, na Mama, aliyekuja na birika kubwa la chai, akawamiminia nje uani. Nilisimama kando nikamtazama, nikajiona nimerefuka kwa fahari.

Sasa mimi ni fundi umeme Migori, na mwanangu anasoma huku. Mama bado yuko Kendu Bay. Wasichana wa kule, wakiogopa kwenda kituoni peke yao, humfuata sokoni. Yeye hufunika omena zake, akaenda nao.