Daraja la Mazoezi

Jumamosi, tarehe tano Aprili, asubuhi, nilikuwa nimesimama ndani ya kijito, maji yakinifika kiunoni, nikifungua kamba ambazo siku mbili kabla nilikuwa nimezifunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku za kazi nafundisha hisabati chuoni, Tanga mjini, na jioni narudi kwangu Nguvumali. Lakini mimi pia ni askari wa akiba, sajini katika kikosi cha wahandisi wa medani. Mara chache kwa mwaka tunaitwa kujikumbusha kazi yetu: kufungua njia zilizozibwa na kuwavusha wanajeshi majini. Safari hii tulivuka kivuko cha Pangani na shehena ya mbao, tukapangiwa kijito kimoja kwenye njia ya Ushongo. Kiangazi mbuzi hukiruka. Masika humeza mtu mzima. Upande mmoja kuna kijiji, upande wa pili zahanati.

Tulijenga daraja imara. Wanakijiji, ambao hakuna aliyekuwa amewaeleza lolote, waliliona wakaamini macho yao. Ijumaa baada ya swala wakalifanyia dua. Shehe alisoma Fatiha, ubani ukafukizwa, na sisi wahandisi, Waislamu na Walutheri, tukalishwa wali wa nazi na samaki wa kupaka mpaka tukashindwa kuinama. Nilimtazama afande wetu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, nikingoja awaambie ukweli. Akaomba aongezewe mchuzi.

Jioni nilimfuata.

"Afande, masika ndiyo kwanza yanaanza. Tuliache."

"Mwalimu, zoezi ni kujenga na kubomoa. Usipobomoa umefanya nusu."

"Na watu?"

"Mbao zimeandikwa stoo."

"Zihesabiwe hapa hapa zilipo."

"Zinahesabiwa stoo, mwalimu."

Kwa hiyo Jumamosi nikawa majini. Bibi mmoja, ambaye jana yake alinipakulia chakula, alikuja ukingoni na wanawake wenzake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwafungua nini?"

"Daraja."

"Limekosa nini?"

"Halijakosa kitu. Zoezi limekwisha."

"Sasa mlitujengea, au mlituonyesha?"

"Hao!" mmoja akadakia nyuma yake. "Siku nyingine watatupikia pilau, tukishanawa mikono wabebe sufuria!"

Walicheka wote, na askari wangu wawili nao wakacheka, jambo lililonikera zaidi kwa kuwa hata mimi nilitaka kucheka. Bibi hakucheka.

"Basi ngojeni," alisema. "Msiguse kamba nyingine. Nna binti ana mimba, mwezi wake ndio huu."

Nikazikaza tena kamba nilizokwisha kufungua, tukangoja. Afande alitazama saa yake, nami nikamtazama yeye mpaka akaacha. Binti alikuja taratibu, mkono kiunoni, nyuma yake mwanamke mwenye godoro kichwani na mwingine na ndoo ya nguo. Angekaa kwa shangazi yake karibu na zahanati mpaka ajifungue. Mama yake hakuweza kumfuata. Alikuwa na wajukuu wadogo nyumbani na mume asiyeinuka kitandani.

"Mama, nani atanikanda?" binti aliuliza alipofika ng'ambo.

"Shangazi yako."

"Shangazi hajui!"

"Atajua. Nenda."

Binti alipokwisha kuondoka ukingoni, tuliziinua mbao, moja baada ya nyingine. Nimefundisha wanafunzi wengi kwamba jibu sahihi lisilo na matumizi bado ni jibu sahihi. Siku hiyo sikulipenda somo langu.

Wiki tatu baadaye, mvua ikiwa haijakatika hata Tanga mjini, nilimwandikia afande barua hii:

"Afande, naomba zoezi letu lijalo lifanyike katika kijito kile kile, na mbao zile zile. Naomba ligawanywe: kujenga kufanyike mapema iwezekanavyo, kubomoa kufanyike maji yatakapopungua. Katikati tujifunze kulinda daraja wakati wa mafuriko, jambo ambalo kikosi hakijawahi kulifanya. Kila mwisho wa wiki nitakwenda mwenyewe, kwa nauli yangu, kukaza kamba na kuhesabu mbao. Binti yule amejifungua salama, mama yake akiwa ng'ambo ya maji. Mpaka leo hajamwona mjukuu. Nimeambiwa wapo wajawazito wengine. Ombi hili likikataliwa, naomba nihamishiwe kazi nyingine kikosini, yoyote isiyo ya madaraja."