N Si Ndiyo: Mpiga Kengele Aliyeifunga Shule Asubuhi

Saa moja na dakika tano asubuhi. Mwanamke wa makamo mwenye koti la bluu la wahudumu anafungua kabati nyuma ya ofisi ya walimu, anavaa miwani na kuiwasha kompyuta inayotoshana na kipande cha sabuni.

“Umeamkaje?” anaiuliza. “Leo tufanye kazi kama watu wazima.”

Kompyuta hiyo hupiga kengele kumi na nne kwa siku katika shule yenye wanafunzi 640. Mlezi wake wanamwita Mama Kengele. Ana miaka kumi na tisa kazini, na kwa kumi na sita kati ya hiyo aligonga rimu ya gari kwa nondo.

“Bega hili lilikuwa haliinuki hata kusuka nywele,” anasema.

Mashine iliachwa na mwalimu wa fizikia aliyehamishwa, pamoja na daftari la maelekezo. Mama Kengele, aliyeishia darasa la saba, alilisoma mpaka kurasa zikachakaa.

Shida ilikuwa herufi. Kila ukitaka kuweka programu mpya, kompyuta huuliza: Y au N?

“Nikajua N ni ndiyo! Wiki tatu mimi nakubali, yenyewe inaacha. Nikasema, hii mashine ina kiburi.”

Binti wa dada yake, anayesoma chuo cha ufundi, alicheka mpaka akakaa chini. “Mama mdogo, kukubali ni Y!”

Tangu siku hiyo akawa anabonyeza Y hata kabla swali halijaisha. Hapo ndipo yalipomkuta.

Alasiri moja aliweka programu ya kupanga ratiba, aliyoiokota kwenye tovuti asiyoijua. Kompyuta ikamwandikia orodha ndefu ya vitakavyoingia na vitakavyoondolewa. Hakuisoma. Akabonyeza Y, akaizima saa tisa na dakika ishirini ili ipumzike, na kengele ya mwisho akaipiga kwa mkono.

Kati ya vilivyoondolewa ilikuwamo programu ndogo inayochukua saa sahihi kwenye mtandao. Kompyuta hiyo haina saa yake yenyewe. Asubuhi alipoiwasha, ikaendelea pale ilipolalia: saa tisa na dakika ishirini, alasiri.

Dakika kumi baadaye, wanafunzi wakiwa mstarini, mwalimu mkuu akihutubia kuhusu utoro, ikalia kengele ya kwenda nyumbani.

“Sijawahi kuona watoto watii kiasi kile,” anasema mwalimu mkuu, ambaye aliwakimbilia hadi getini na kiatu kimoja. Walibaki ishirini na watatu, na kati yao saba walikuwa wamesinzia wima.

Aliporudi akihema, alitoa amri moja: “Mama, nirudishie rimu.”

Mama Kengele hapendi kuikumbuka siku ile. “Nililia pale mbele ya kabati. Siyo kwa kugombezwa. Niliona watasema, si tulijua, mfagiaji na kompyuta wapi na wapi.”

Aliomba siku mbili. Binti akimwongoza kwa simu, aliiondoa programu ya mtaani, akairudisha ile ya saa kutoka ghala rasmi la mfumo, yaani tovuti ya watengenezaji yenye programu zilizokaguliwa, na kengele zikakaa sawa.

Siku hizi hagusi kitu kabla ya kutoa nakala ya kadi ya kumbukumbu na kuifungia kwenye bahasha. Huchukua programu kwenye ghala rasmi tu, moja moja, siku za Jumamosi, na orodha humsomea mumewe, fundi viatu, kwa sauti.

“Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone,” anaeleza. “Humu mgeni anaweza kuja, mwenyeji akafukuzwa. Lazima uulize nani anatoka.”

Mumewe anakiri haelewi neno. “Lakini akifika kwenye vinavyoondolewa, naacha nyundo. Nimeambiwa nikisinzia hapo, chakula hakuna.”

Kila Alhamisi sasa Mama Kengele huketi dawati la nyuma katika darasa la kompyuta, miongoni mwa watoto wanaomsogezea kiti na kumwita bibi. Mwakani anataka kufanya mtihani wa cheti pamoja nao.

Mwalimu mkuu ameshauliza: akiwa ndani anajibu maswali, kengele ya kumaliza atapiga nani?

“Si ni kompyuta hiyo hiyo,” anajibu. “Na sijiongezei muda hata dakika moja.”

Anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa koti.

“Labda mbili.”