Riwaya Iliyogawanywa Vipande Viwili

Shule yetu ya sekondari pale Mbinga ilikuwa na vyama viwili vya wanafunzi, Chama cha Fasihi na Chama cha Midahalo. Hadi leo sijaona watu wenye elimu ndogo kiasi kile wakidharauliana kwa maneno makubwa kiasi kile. Kila chama kilikuwa na kabati lake la vitabu na kufuli lake, na mwanachama wa huku hakuruhusiwa kugusa cha kule. Mimi niliingia Fasihi kwa sababu nilitoka Chiwanda, na sisi wa ziwani tulisukumwa huko kama mbuzi zizini. Watoto wa kahawa, wa milimani, walikwenda Midahalo.

Mwenyekiti wetu alivaa miwani. Akitaka kusoma, aliivua. Mwenyekiti wao alivaa koti la mitumba hata kwenye jua la saa saba, na hakumaliza sentensi bila kusema “kimsingi.”

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupandisha malori yao milimani, shule ilipata msaada wa sanduku la vitabu. Ndani mlikuwa na riwaya moja nene ya juzuu mbili, habari za mfanyabiashara wa nafaka. Mwalimu mlezi alitaka ikae ofisini, asome anayependa. Wenyeviti wakakataa. Walibishana mchana kutwa, mwisho wakagawana: Fasihi juzuu ya kwanza, Midahalo ya pili. Kisha wakapeana mikono, wameridhika kabisa, mmoja na hadithi isiyo na mwisho, mwingine na mwisho usio na hadithi.

Niliisoma ya kwanza nikabaki na kiu. Jirani yangu wa kitanda katika bweni la wasichana, msichana wa Kitura huko milimani, alikuwa Midahalo. Yeye alisoma ya pili bila kujua nani ni nani. Siku moja tukifua mtoni nilimsimulia mwanzo, naye akanisimulia mwisho. Wenzetu wakasikia, habari ikafika kwa wenyeviti.

Niliitwa mbele ya kamati.

“Ndugu mwanachama,” alisema mwenyekiti wetu, “umewapa wapinzani mali ya chama.”

“Kitabu kipo kabatini, ndugu mwenyekiti.”

“Umewapa yaliyomo.”

“Na wao wamenipa yao. Chama kimepungukiwa nini?”

Aliniamuru niombe radhi mbele ya wanachama wote. Nilitoka, sikurudi tena. Mwenzangu naye alifukuzwa Midahalo wiki ileile.

Kisha ukaja mdahalo mkubwa, mgeni rasmi akiwa afisa kutoka wilayani: je, wanunuzi binafsi wanamfaa mkulima kuliko ushirika? Fasihi waliunga mkono, Midahalo walipinga, ingawa baba wa yule mwenyekiti mwenye koti alikuwa ameshawauzia hao hao wanunuzi kahawa yake yote.

Mwenyekiti wetu alisimama akamsifu yule mfanyabiashara wa riwayani, aliyewakopesha wanakijiji mahindi wakati wa njaa. Mwenye koti akacheka kwa dharau.

“Kimsingi, mwenzangu hajasoma. Mtu huyo aliwanyang’anya mashamba.”

“Alikuwa mwema!”

“Alikuwa mwizi!”

Waliendelea hivyo, kila mmoja akitikisa juzuu yake, bila hata mmoja kutambua kwamba mahindi yale ya mkopo ndiyo yaliyokuja kuchukua mashamba. Mwenzangu aliniinamia.

“Tuwaambie?”

“Waache.”

Mgeni rasmi alipiga miayo, akatangaza sare. Vyama vyote viwili vilitoka vikiimba ushindi, vikapishana mlangoni kwa vikumbo.

Likizo ilipofika nilishuka na yule msichana hadi Mbamba Bay, tukaendelea hadi nyumbani Chiwanda. Hakuwa amewahi kulala karibu na ziwa. Mama alitupikia ugali wa muhogo na usipa, dagaa wetu wa ziwani, nasi tukamsimulia riwaya nzima kwa zamu, halafu tukamsimulia habari za vyama. Kwenye riwaya alilia kidogo. Kwenye vyama aliuliza tu.

“Hao wenyeviti wanasomea nini?”

“Uongozi, mama,” alijibu mwenzangu.

Mama akamwongezea usipa, akamwuliza kama huko Kitura wanaujua.